Mheshimiwa Waziri Alisema Kwamba

Nchi ya Usemavyo haipakani na yetu, na hata ingepakana nayo tusingekuwa na la kujifunza huko, maana kwetu mambo yamenyooka. Watu wake ni wapole. Huamka mapema, hupanga foleni bila kusukumana, na hupiga makofi vizuri kuliko taifa lolote, kwa kuwa makofi hufundishwa tangu chekechea. Serikali yao ina wizara thelathini na nne. Iliyo kubwa kuliko zote ni Wizara ya Elimu na Mwonekano, ambayo wakati wa habari hizi ilikuwa chini ya Mheshimiwa Hongera Tambwe, mtu mrefu mwenye sauti ya kupendeza, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akisoma kitu kisichoandikwa kwa herufi kubwa.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu wa darasa la sita, Sikudhani Mkadamu, wa Shule ya Msingi Kilimahewa. Alikuwa amefundisha somo la Lugha kwa miaka ishirini na sita. Aliandika kwa mkono wa kushoto, na mkono huo, tangu ujana wake, hakuuacha bila hina kwenye ncha za vidole wala bangili nyembamba ya fedha aliyoachiwa na mama yake. Hakuwa msemaji wa mikutano. Ila alijua jambo moja ambalo vyuo haviwezi kumpa mtu: mtoto ambaye hajaelewa huonekana machoni kabla hajafungua mdomo. Sikudhani akiyaona macho hayo alisimama hapo hapo, akafuta ubao, akaanza upya kwa njia nyingine. Ndiyo maana watoto wa Kilimahewa, shule yenye madirisha bila vioo, waliandika insha ambazo wakaguzi waliziiba na kuwasomea wake zao.

Siku moja gari refu lilisimama mbele ya shule. Akashuka Bwana Shambetu, Mkurugenzi wa Weledi wa Kidijitali, na nyuma yake vijana wanne wenye kamera.

"Mwalimu," alisema Shambetu, "Taifa limekutazama, likakuona, likaridhika."

"Taifa limeniona wapi?"

"Kwenye faili."

Akaeleza kwamba Serikali imeamua kuingia katika Zama za Elimu ya Skrini. Kila darasa nchini litatundikwa skrini, kila mwanafunzi atapewa kishikwambi, na mwalimu bora kuliko wote atarekodiwa ili mtoto wa milimani na mtoto wa mjini wafundishwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. "Na jina lako," alisema, "litatokea mwanzoni mwa kila somo, kwa herufi zinazosomeka."

Sikudhani hakuwa mtu wa tamaa, lakini jambo hili lilimwingia. Aliwafikiria watoto wa shule ambazo hatafika maishani mwake. Kwa wiki tatu alifundisha mbele ya kamera, asubuhi hadi alasiri, masomo mia mbili na kumi na mawili. Wiki ya pili alishikwa na mafua makali, akafundisha nayo. Kwa kuwa kamera haina macho ya kumwambia kama imeelewa, alijitungia watoto kichwani, akawa anawatazama hao na kurudi nyuma kila walipokwama. Walipomaliza, kijana mmoja wa kamera alimwambia kwamba sasa ndipo amejua nomino ni nini. Gari likaondoka.

Skrini zilikuja baada ya miezi minne. Siku ya uzinduzi, darasa la sita lilikaa kimya, wimbo wa taifa ukapigwa, maandishi makubwa yakatokea: SOMO LA TAIFA, NA MHESHIMIWA HONGERA TAMBWE, BABA WA ELIMU YA KIDIJITALI. Kisha akatokea Mheshimiwa mwenyewe, amesimama mbele ya ubao, anafundisha nomino.

Alifundisha vizuri mno. Alisimama pale ambapo mtoto angekwama, akafuta, akaanza upya kwa njia nyingine. Wakati mmoja alipenga kamasi kwa adabu, akaomba radhi. Sauti ilikuwa yake na uso ulikuwa wake, kwa maana siku hizi kompyuta zinaweza kumvua mtu uso kama foronya na kuuvisha mto mwingine. Suti nayo walimchorea. Lakini vijana wa kamera walikuwa na haraka ya kuwahi sherehe, na mkono hawakuugusa. Mheshimiwa aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, wenye hina kwenye ncha za vidole na bangili nyembamba ya fedha.

Msichana mmoja wa dawati la mbele, Salha, aliyekuwa hodari wa kuuliza, aligeuka. "Mwalimu, mbona Waziri ana mkono wako?"

"Tazama ubao," alisema Sikudhani.

Swali hilo, hata hivyo, liliulizwa nchi nzima, na Wizara ikalijibu kwa waraka. Waraka ulisema kwamba Mheshimiwa hupaka hina mkono wa kushoto kwa sababu za kizalendo. Wiki hiyo makatibu wakuu wote walionekana ofisini na hina. Wiki iliyofuata zikaonekana bangili. Balozi mmoja aliyekuwa akiandika kwa mkono wa kulia tangu utoto alibadilisha mkono, na kwa miezi mitatu nchi yake haikuweza kusoma alichoyaandikia mataifa.

Waraka wa pili uliwahusu walimu. Kwa kuwa sasa taifa lilikuwa na mwalimu mmoja anayetosha, walimu wengine wote walibadilishwa cheo na kuitwa Walinzi wa Skrini. Kazi zao ziliorodheshwa: kuwasha, kupangusa vumbi, na kuongoza makofi mwisho wa somo. Mlinzi hakuruhusiwa kufundisha, wala kuongeza neno, wala kutikisa kichwa kwa namna inayoweza kuathiri uelewa. Juu ya kila mlango ikafungwa kamera ndogo ya kuwalinda walinzi.

Sikudhani aliwasha, akapangusa, akaongoza makofi. Hivyo ndivyo alivyoishi muhula mzima, ameketi kwenye kiti pembeni ya darasa lake, akitazama mkono wake mwenyewe ukifanya kazi yake chini ya kichwa cha mtu mwingine.

Hadi lilipofika somo la themanini na nane, usemi halisi na usemi wa taarifa. Ni somo gumu. Skrini ilieleza kwamba maneno ya mtu yakipokelewa na kutolewa na mwingine hubadilika: "mimi" huwa "yeye", "haya" huwa "hayo", "leo" huwa "siku hiyo", na "nitakuja" huwa "angekuja". Salha akanyoosha kidole. Skrini haikumwona, ikaendelea. Salha akakaa na kidole chake hewani, macho yameganda. Sikudhani alikuwa akiyajua macho hayo kuliko alivyokijua chakula. Alivumilia dakika mbili. Ya tatu akasimama, akachukua chaki.

"Salha, nikikwambia 'nitakuja', halafu nisije, ukaenda kumwambia mama yako, utasemaje? Utasema, 'Mwalimu alisema kwamba angekuja.' Unaona? Maneno ni yangu, ila sasa wewe ndiye unayeyabeba, na aibu ya kutokuja inabaki kwangu."

Darasa zima likaelewa, likacheka. Dakika tano tu.

Barua ilifika kesho yake. Ilimtuhumu Mlinzi wa Skrini S. Mkadamu kwa kosa la kuiga mtindo wa kufundisha wa Mheshimiwa Waziri: namna ya kusimama, namna ya kuuliza, na hasa matumizi ya mkono wa kushoto, "jambo linaloashiria wizi wa ubunifu uliokomaa." Kwa huruma ya Wizara hakufukuzwa. Aliamriwa kuiomba radhi skrini mbele ya paredi.

Basi walimchomoa ukutani Mheshimiwa, wakamweka juu ya meza uwanjani, wakamwasha. Shule nzima ilisimama mistari. Mwalimu Mkuu, Bwana Ngwali, alikuwa mtu mwema, na kwa wema wake alitazama viatu vyake muda wote. Sikudhani akasogea mbele ya skrini. Mkono wake mwenyewe, wenye hina ya mwaka uliopita, ulikuwa ukimwandikia vitenzi.

"Naomba radhi," alisema, "kwa kukuiga."

Shambetu, aliyekuja kushuhudia, akamwomba arudie kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Akarudia. Watoto wakapiga makofi kwa sababu walikuwa wamezoeshwa, na wengine walilia huku wanapiga. Kuanzia asubuhi hiyo Sikudhani hakumaliza chakula chochote kilichowekwa mbele yake. Alikuwa akila nusu, kisha anaiona ile meza uwanjani, anasukuma sahani.

Sifa za Somo la Taifa zilivuka mipaka. Mataifa ishirini na moja yaliamua kufanya mkutano wao wa elimu ya kidijitali huko Usemavyo na kumtunuku Mheshimiwa Tambwe nishani. Barua yao ilikuwa ya heshima tupu, isipokuwa sentensi ya mwisho: wageni wangependa kumwona Mheshimiwa akifundisha ana kwa ana, darasa la watoto hai, na somo lirushwe mubashara katika skrini zote nchini.

Inasemekana Wizara haikufanya kazi nyingine wiki hiyo zaidi ya kuisoma sentensi hiyo. Mwishowe gari refu likarudi Kilimahewa, na Shambetu akashuka peke yake.

"Mwalimu," alisema. Alikuwa amesahau neno Mlinzi. "Taifa lina kidude kidogo sana. Kinaingia sikioni, hakionekani. Mtu aliye chumba kingine akisema, mwenye kidude anasikia, naye anasema. Mheshimiwa ni bingwa wa kusema anachopewa."

"Na mimi nitakuwa chumba kingine."

"Chumba kizuri. Kina kiti."

"Na watoto?"

"Wa kwako. Tutawashonea sare mpya."

Sikudhani aliizungusha bangili yake. Shambetu akadhani anaogopa, akamwambia kwamba akikubali, ile barua ya onyo itaondolewa kwenye faili lake, kisha akaongeza kwa upole kwamba akikataa, faili lenyewe litaondolewa pamoja naye.

"Somo gani?" aliuliza Sikudhani.

"Chagua lolote. Yote ni yake."

"Basi la themanini na nane."

Jioni hiyo alipika wali na samaki wa nazi, akala akamaliza, akakwangua sahani.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa wageni wa mataifa, wa pili makatibu wakuu wenye bangili. Jukwaani palikuwa na ubao, madawati, na watoto thelathini wa Kilimahewa ndani ya sare zenye mikunjo ya dukani. Nyuma ya jukwaa, kwenye stoo ya viti, alikuwepo Sikudhani na skrini ndogo na kipaza sauti. Shambetu alimfungia kwa nje ili asionekane na mtu, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kuketi mstari wa pili. Katika Usemavyo hakuna anayeruhusiwa kuinuka Waziri anaposema, wala kuzima chombo chochote kinachoonyesha uso wake. Sheria hizo zote mbili alizitunga Waziri mwenyewe, na zilipitishwa kwa makofi.

Mheshimiwa alianza vizuri. Sikudhani alimnong'oneza salamu, akasalimu. Alimnong'oneza kanuni, akazitoa kwa ile sauti ya kupendeza, na wageni wakatikisa vichwa. Miaka kumi na tisa ya kusoma hotuba alizoandikiwa ilikuwa imemjengea kipaji adimu: maneno yalimpitia kama maji yanavyopita kwenye mpira wa bustani, na mpira usijue umelowa. Aliyasikia kwa mlio tu, akayatoa kwa mlio.

"Sasa nitatoa sentensi," alinong'ona Sikudhani, na Waziri akasema. "Nanyi mtazigeuza kuwa usemi wa taarifa. Ya kwanza. 'Ninapenda sana kusoma.'"

Watoto wakajibu kwa pamoja: "Mheshimiwa Waziri alisema kwamba alipenda sana kusoma."

Makofi.

"'Leo nimevaa suti mpya.'"

"Mheshimiwa Waziri alisema kwamba siku hiyo alikuwa amevaa suti mpya."

Makofi. Stooni, Sikudhani alikiweka kipaza sauti karibu zaidi na mdomo. Alihisi utulivu uleule aliokuwa akiuhisi zamani anapofuta ubao ili kuanza upya.

"'Masomo haya si yangu,'" alisema Mheshimiwa Tambwe kwa taifa zima.

Salha alimtazama kidogo. Kisha, pamoja na wenzake: "Mheshimiwa Waziri alisema kwamba masomo hayo hayakuwa yake."

Makatibu wakuu walipiga makofi, kwa kuwa sentensi ilikuwa imegeuzwa sawasawa.

"'Sijawahi kufundisha hata kuku.'"

"Mheshimiwa Waziri alisema kwamba alikuwa hajawahi kufundisha hata kuku."

"'Nilibandika uso wangu juu ya kazi ya mwanamke mmoja, kisha nikamwamuru aniombe radhi mbele ya watoto.'"

Sentensi hii ilikuwa ndefu, na watoto waliigeuza polepole, neno kwa neno, kama walivyofundishwa. Ukumbi ukaisikia yote. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Mheshimiwa alisikia alichosema, kwa kuwa sasa kilikuwa kinatoka kwenye vinywa vingine. Akanyamaza. Mstari wa pili, Shambetu aliushika ufunguo ndani ya mfuko, akautazama mlango wa nyuma, akaitazama sheria kichwani, akabaki ameketi.

"Endelea, Mheshimiwa," alinong'ona Sikudhani. "Wageni wanakutazama."

"Endelea, Mheshimiwa," alisema Waziri, kwa kuwa ukimya ulimtisha kuliko maneno. "Wageni wanakutazama."

Watoto wakashauriana kwa macho. "Mheshimiwa Waziri alijiambia aendelee, kwani wageni walikuwa wakimtazama."

"'Nitaendelea kuwadanganya maadamu mnanipigia makofi.'"

"Mheshimiwa Waziri alisema kwamba angeendelea kuwadanganya maadamu walimpigia makofi."

Ukumbi ukapiga makofi. Madarasa elfu tisa nchini yakapiga makofi. Kwa mujibu wa utaratibu, kila mwanafunzi wa Usemavyo akaandika sentensi zote kwenye kishikwambi chake, na mfumo ukazihifadhi kama sehemu ya mtaala, mahali ambapo hakuna afisa mwenye ruhusa ya kufuta.

Tume iliundwa mchana uleule. Ilikuwa na wajumbe kumi na watano, na ilikutana na ugumu mmoja. Kumshtaki mwanamke wa stooni kulihitaji kwanza kukiri kwamba kulikuwa na mwanamke stooni, na kukiri hivyo kulihitaji kukiri kwamba Baba wa Elimu ya Kidijitali hajui kufundisha. Baada ya siku tisa Tume ikatoa taarifa kwamba stoo ilikuwa na viti tu.

Sikudhani alirudi kwenye kiti chake cha ulinzi. Hakuna aliyeweza kumgusa.

Mheshimiwa Tambwe alijaribu kujieleza. Alikwenda kufungua maabara mkoani, akasema, "Wananchi, sikusema yale." Watoto mia nne waliopangwa juani kumpokea wakaitikia kwa pamoja, bila ubaya wowote, kwa kuwa hivyo ndivyo mtaala ulivyotaka: "Mheshimiwa Waziri alisema kwamba hakuwa amesema yale." Alikwenda mkoa mwingine, ikawa vilevile. Hata alipokohoa walisitasita, wakitafuta kanuni. Mwishowe aliacha kabisa kusema mahali penye mtoto, na Usemavyo ni nchi yenye watoto wengi.

Rais alimwita. Habari za kikao hicho zilivuja kupitia mpishi. "Hongera," alisema Rais, "ungekuwa mwizi tu ningekuvumilia, wezi ninao. Lakini mtu anayejisema mwenyewe hadharani ni hatari kwa usalama. Niletee aliyekutia hayo maneno, aseme ni yake. Usipomleta, utashtakiwa kwa kusema kweli bila kibali."

Kwa hiyo saa nne ya asubuhi, siku ya Jumanne, Waziri alisimama mlangoni mwa darasa la sita, Kilimahewa, bila Shambetu wala msafara. Sikudhani akatoka, akaufunga mlango nyuma yake ili watoto wasimwone mgeni.

"Mwalimu," alisema Mheshimiwa kwa sauti ya chini, "nimekukosea."

Sikudhani aliuweka sawa mtandio wake.

"Sema tu kwamba yale maneno yalikuwa yako. Mara moja, redioni. Hutafanywa kitu, nina ahadi ya mkubwa. Nami nitakurudishia masomo yako. Tazama."

Alitoa kishikwambi, akakiwasha. Maandishi yakatokea: SOMO LA TAIFA, NA MWALIMU SIKUDHANI MKADAMU. Herufi zilisomeka. Kisha akatokea mwanamke aliyevaa gauni la kahawia, pua nyekundu kwa mafua, amesimama mbele ya ubao.

Sikudhani hakuwa amewahi kujiona akifundisha. Alikishika kwa mikono miwili, akatazama. Aliona anavyosimama pale ambapo mtoto angekwama. Aliona anavyoinamisha kichwa kidogo akiuliza, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Uso na mkono vilikuwa vya mtu mmoja. Alitazama somo lote, dakika arobaini, amesimama hapo barazani, na Waziri wa nchi alimsubiri juani. Mara moja tu Sikudhani alifuta jicho kwa ncha ya mtandio.

Somo likaisha. Akamrudishia kishikwambi.

"Ni somo zuri," alisema. "Lakini huyu mwanamke simjui."

"Mwalimu, ni wewe."

"Simjui, Mheshimiwa. Na yale maneno uliyasema wewe, nchi nzima ilikuona."

Waziri alifungua mdomo. Nyuma ya mlango, watoto walikuwa wamenyamaza wakisikiliza, na yeye alijua walikuwa wakisikiliza. Akaufunga mdomo.

Kesi ilichukua asubuhi moja. Mheshimiwa Tambwe alipatikana na hatia ya kusema kweli bila kibali, akavuliwa uwaziri, hina ikasuguliwa mbele ya mahakama kwa jiwe la kisigino, na uso wake ukaondolewa katika masomo yote mia mbili na kumi na mawili. Masomo yenyewe hayakuondolewa, kwa kuwa yalikuwa mazuri. Bwana Shambetu akapandishwa cheo na kuwa Waziri.

Jumatatu iliyofuata skrini ya darasa la sita iliwashwa. Wimbo wa taifa ukapigwa, maandishi makubwa yakapita, na Mheshimiwa Shambetu akatokea mbele ya ubao, anafundisha nomino kwa mkono wa kushoto. Salha akageuka kumtazama mwalimu wake.

Mwalimu Sikudhani alikuwa ameketi kwenye kiti cha ulinzi, mikono mapajani, ametulia. Aliutazama uso ule mpya bila haraka, kutoka paji hadi kidevu, kama fundi cherehani anavyomtazama mteja kabla hajaitoa futi ya kupimia.